Kazi ya Mungu haina makosa, ya dereva je?

Mtaani kwetu, hapa Maili Moja, Kibaha, mimi ndiye mshika daftari la rambirambi. Nilipewa kazi hiyo nilipostaafu ualimu wa historia, na sifa zilizotajwa kikaoni zilikuwa mbili: mwandiko wangu unasomeka, na sinywi. Unawekewa kijimeza pembeni ya turubai, kalamu na bakuli lenye mfuniko, unakaa hapo tangu asubuhi mpaka watu wanaporudi kutoka makaburini. Elfu mbili, elfu tano, kilo ya sukari, mche wa sabuni, vyote vinaandikwa. Ukishainamia daftari watu wanakusahau, kwa hiyo nasikia karibu kila kitu wanachoambiwa wafiwa. Hicho ndicho kinachonisukuma kuandika.

Yako maneno ya kawaida ambayo sina ugomvi nayo. Kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mkristo ataleta ile kauli ya Ayubu ya kutoa na kutwaa, Mwislamu atakumbusha kadari. Mfiwa akiyasema mwenyewe, na mara nyingi huyasema, yanamvusha usiku. Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata, pale mgeni anapovuta kiti cha plastiki, anainama, anaanza kutoa sababu.

Kulikuwa na msiba wa kijana wa bodaboda. Aligongwa na lori usiku, Barabara ya Morogoro, kwenye kipande ambacho taa zake zilikuwa haziwaki kwa muda mrefu. Mama yake alikaa mkekani na kizibao cha mwanawe mapajani, kile cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, akawa anakikunja na kukikunjua. Alikuja shangazi wa marehemu akasema kwa sauti ya chini kwamba ukoo ulikumbushwa tambiko tangu mwaka jana, ukapuuza. Akaja jirani: huu ni mkono wa mtu, kijana alishanunua kiwanja Visiga, wenye husuda hawalali. Akaja mhubiri mmoja wa vikundi vya maombi, ambaye hata si wa kanisa lao, akamweleza kwamba kuna mlango uliachwa wazi kiroho, na mzazi asipofunga milango adui hupitia kwa watoto. Mama akaacha kukunja kizibao.

"Kwa hiyo baba mchungaji, mimi ndiye niliyemuua?"

Yule akasema hapana mama, sijasema hivyo, kisha akaanza kusali kwa sauti kubwa.

Sababu zilikuwa nyingi siku ile na zote zilimwangukia mwanamke aliyekaa chini. Hakuna iliyomfikia dereva wa lori, wala mwenye lori, wala mwenye dhamana ya taa. Na tusidhani ni maneno tu yanayopita. Hii habari ya mkono wa mtu ndiyo iliyowaua vikongwe Usukumani, kosa lao likiwa macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Watu waliolitafakari jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi ni Wayahudi. Najua neno hilo likitajwa siku hizi mawazo yanakimbilia Gaza. Kuhusu Gaza nina yangu ya kusema, tena makali, ila leo nazungumzia vitabu, vingi vyake vya kale kuliko serikali yoyote iliyopo sasa, na baadhi yake viliandikwa kwa Kiarabu na watu walioishi ubavuni mwa Waislamu. Nilianza kuvisoma kwa bahati, baada ya kununua kitabu cha Musa bin Maimun, nitakayemtaja chini, katika tafsiri ya Friedländer, hakina hata jalada, kwa wauza vitabu vya mtumba wa Posta, Dar es Salaam.

Katika Talmudi ya Babeli, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi, walimu wa dini ya Kiyahudi, iko sehemu iitwayo Bava Metzia inayoshughulika na mali: vitu vilivyookotwa, amana, mikopo, bei. Katika sura yake ya nne marabi wanabishana juu ya muuzaji aliyepandisha bei kupita haki, na kipimo walichoweka ni moja ya sita: akizidisha kiasi hicho arudishe tofauti, akipita hapo biashara imevunjika. Halafu, katikati ya hesabu za sokoni, mjadala unahamia kwenye ulimi. Wanasema maneno nayo hudhulumu, na mmojawapo wa mifano yao ni huu: mtu akipatwa na mateso, au maradhi, au akizika watoto wake, ni marufuku kumwambia yale ambayo marafiki wa Ayubu walimwambia Ayubu, yaani kumdokeza kwamba lazima kuna alichokifanya. Mmoja wao anaona dhuluma hii ni nzito kuliko ya fedha, maana fedha inarudishika. Kwa hiyo kwao hili si suala la adabu njema. Limo ndani ya sheria, limekaa jirani na mfanyabiashara mwizi.

Talmudi hiyo hiyo, mahali pengine, inamshauri mtu anayeteseka ayachunguze matendo yake. Sioni mgongano. Anayechunguza ni mwenye mateso, na anachunguza ya kwake. Jirani hajapewa kazi hiyo, wala shangazi.

Na Ayubu mwenyewe tunamjua nusu. Kwetu pwani ni mtu wa subira. Ndivyo anavyosimuliwa misikitini, ndivyo alivyo katika utendi wa Kiswahili ambao Alice Werner aliuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kitabu cha Kiebrania kina sura 42, na subira hiyo iko katika mbili za mwanzo. Kuanzia ya tatu mtu anailaani siku aliyozaliwa, na mpaka ya 31 anabisha, anadai kesi yake isikilizwe, anamtaka Mungu ajibu. Angeyasema hayo leo katika makanisa fulani ya hapa Kibaha wangemzunguka na kumkemea pepo. Elifazi, Bildadi na Sofari walipofika kumpa pole walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Hapo ndipo Wayahudi walipochukua kanuni ya matanga yao, ambayo nayo ni ya siku saba, kwamba mfariji hafungui mdomo kabla ya mfiwa. Kisha hao watatu wakafungua midomo yao na kuwa mawakili wa Mungu. Mungu ni mwenye haki, wewe unateseka, basi una kosa. Tafuta kosa lako utubu. Mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anatoa hukumu, na inawaangukia mawakili. Amewakasirikia kwa kutosema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Wanatozwa ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, tena wanaambiwa waende kwa Ayubu awaombee. Nimehudhuria mahubiri mengi ya mazishi juu ya Ayubu. Sura hiyo ya 42 husomwa kwa ajili ya mali aliyorudishiwa, faini inarukwa.

Lakini aliyenikalisha chini ni Musa bin Maimun. Alizaliwa Cordoba mwaka 1138, akafia Misri mwaka 1204, akiwa rabi, mwanasheria na tabibu katika utawala wa Salahuddin. Kabla ya utabibu, nyumba yao ilitegemea biashara ya vito ya mdogo wake, Daudi, ambaye jasho lake ndilo lililompa kaka yake nafasi ya kusoma. Barua moja ya Daudi imesalia kati ya makaratasi yaliyohifadhiwa katika sinagogi la kale la Cairo. Aliiandika bandarini Aydhab, pwani ya Bahari ya Shamu, baada ya kuvuka jangwa, akiwa njiani kwenda India. Alizama katika Bahari ya Hindi, maji haya haya yanayopiga Bagamoyo na Kilwa, na mali yake na ya wengine ikazama naye. Aliacha mjane na binti mdogo. Kaka yake, bingwa wa hoja, alilala kitandani karibu mwaka mzima na homa na huzuni, na miaka minane baadaye alimwandikia rafiki yake wa Akka kwamba bado analia na hajapata faraja. Katika barua hiyo hatafuti kosa la Daudi. Anamsifu kuwa mtu mwema, basi.

Kiasi cha mwaka 1190 mtu huyo huyo alikamilisha Dalalat al-Hairin, mwongozo wa waliotatizika, kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Sehemu ya tatu ndiyo yenye habari ya uovu. Anamshambulia tabibu al-Razi kwa kudai kwamba duniani mabaya yamezidi mema. Mabaya yenyewe anayagawa mafungu matatu: yanayotokana na kuwa sisi ni viumbe wa kuoza, kama maradhi na tetemeko, tunayotendeana, na tunayojitendea wenyewe, ambayo anasema ndiyo mengi kupita yote. Anayapitia maoni ya wanatheolojia wa Kiislamu, Ashaira na Mutazila, na hawa wa pili anawachokoza kidogo kwa kuamini kwamba hata panya aliyeraruliwa na paka atalipwa fidia akhera. Wanafunzi wangu wangemaliza kipindi kizima kwenye panya huyo. Na anasema uovu si kitu kilichoumbwa, ni kukosekana kwa kitu, jinsi upofu ulivyo kukosekana kwa kuona.

Ukiisoma haraka, hoja hiyo ya mwisho ni kavu. Mpelekee mama wa bodaboda habari za kukosekana uone. Ila mimi naishi kando ya Barabara ya Morogoro, na nikiiweka hoja pale barabarani inaanza kuwa na damu. Yule kijana aliuawa na vitu ambavyo havikuwepo. Taa haikuwepo. Njia ya pikipiki pembeni haikuwepo. Usingizi wa dereva, kama nawajua madereva wanaotoka bandarini kwenda Tunduma, nao pengine haukuwepo. Hakuna hata kimoja unachoweza kukishika mkononi ukampelekea hakimu.

Jambo kubwa zaidi liko katika kitabu cha sheria cha Bin Maimun, Mishneh Torah. Msiba ukiupiga mji, anaandika, na watu wakasema ni mambo ya dunia tu, imetokea kwa bahati mbaya, huo ni ukatili, kwa sababu unawaacha waendelee na matendo yao, na msiba huo utazaa mingine. Yeye alikuwa anawaza toba na saumu. Mimi naongeza mizani ya malori pale Vigwaza, leseni, na ratiba za madereva. Angalia basi alivyopanga: katika sheria zile zile anamfunga mdomo mfariji aliye mbele ya mfiwa, na anaukataza mji kunyamaza. Sisi tumegeuza kabisa. Mbele ya mfiwa tuna maneno tele. Mbele ya mtendaji wa kata tunakunja mikono na kusema kazi ya Mungu haina makosa.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka watu wakiwa wanachota petroli. Waliokufa walipita 100, na majeruhi wakaletwa Muhimbili. Majivu hayajapoa, simu zetu zilishajaa hukumu: tamaa imewaponza. Bin Maimun angeliweka tukio hilo katika fungu la tatu, na sitabisha kwamba kuchota petroli kwenye lori lililopinduka ni kucheza na kifo. Lakini hukumu ile ilimfikia nani? Iliwafikia wajane, na watu waliolala wodini ngozi zimebanduka, na si wote waliokuwa wameshika dumu. Wakati wa kuwaambia watu wakae mbali na lori la mafuta ni kabla halijapinduka: shuleni, vijiweni, redioni, kila siku mpaka wachoke kusikia. Na anayetaka kutafuta sababu kwa haki aulize pia ni maisha gani yanayomfanya mtu mzima akimbilie hatari kwa lita tano za petroli.

Wayahudi wa karne ya 20, baada ya mauaji ya Wanazi, walilazimika kuanza upya, na sitakaa sana kwao. Emmanuel Levinas, mzaliwa wa Kaunas, Lithuania, alikuwa mateka wa vita Ujerumani wakati wazazi na ndugu zake wanauawa nyumbani. Katika insha yake ya 1982 juu ya mateso yasiyo na faida anafikia kusema kwamba kuyahalalisha maumivu ya jirani ndiko upotovu wote unakoanzia. Mateso yangu naweza kuyatafutia maana. Ya mwenzangu, kazi yangu ni kuyapunguza. Hans Jonas, ambaye mama yake aliuawa Auschwitz, alitoa mhadhara mwaka 1984 akasema kwamba Mungu alijivua uwezo wake alipoumba dunia, hivyo hakuyazuia mauaji hayo kwa kuwa hakuweza. Hapo simfuati. Sheikh wangu hatanisamehe, na mama mkwe wangu, Mlutheri wa Maneromango, hatanisamehe pia, na hayo ni makubaliano adimu kati yao. Hata hivyo namheshimu Jonas kwa jambo moja: aliona heri ampunguzie Mungu uwezo kuliko amwongezee mama yake hatia.

Kibaha yenyewe, kwa njia yake, ilishajibu sehemu ya swali hili la nini tufanye na mateso ya mwenzetu. Mwaka 1963 nchi za Nordiki na Tanganyika zilipoanzisha mradi wao hapa, ulikuwa wa shule, kituo cha kuwafundisha wakulima na kituo cha afya, hicho kilichokua mpaka kikawa Hospitali ya Tumbi. Sidhani kuna kikao kilichoitishwa kuuliza kwa nini Mungu aliumba mbu. Wangekuwa bado wanakaa.

Kule kwetu Kisarawe, Waislamu na Walutheri tumezikana miaka mingi chini ya mikorosho ile ile, na liko jambo tunalolijua ambalo marabi wangelitambua upesi. Ni mtani. Katika msiba wa shemeji yangu mmoja alifika mtani wa Kinyamwezi, mwanamke wa makamo aliyeolewa Mzenga. Jeneza lilipoinuliwa akajilaza njiani. Wazaramo hawapiti hapa bure, akasema, marehemu ana deni langu la kuku. Akapewa elfu moja, akaitupa. Akapewa elfu mbili, akainyanyua juani kuitazama kama ni halali, akamgeukia mjane na kumwuliza, "Huyu mumeo hata akifa ni bahili?" Mjane alicheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa tofauti na cha asubuhi. Jioni mtani yule yule aliosha masufuria, akasonga bada, akamlisha mjane tonge kwa tonge, na usiku akalala naye jamvini. Kwa siku zote alizokaa hakutoa sababu hata moja ya kifo kile.

Talmudi inasimulia juu ya Rabi Yohanan, ambaye inasemekana alizika wana kumi. Alikwenda kumwona mwenzake mgonjwa, akamwuliza kama mateso yake anayapenda. Mgonjwa akasema hayataki, na thawabu zake pia hazitaki. Hakuna mahubiri yaliyofuata. Yohanan aliomba mkono wake, akamwinua. Baadaye aliugua yeye, na pamoja na ujuzi wake wote ikabidi mwingine aje amwinue, maana mfungwa hajitoi gerezani mwenyewe.

Watakuwepo watakaosema nawanyima watu wa dini nafasi ya kumtetea Mungu. Elifazi alishalijaribu hilo. Wengine watasema mila zetu zinadai kujua chanzo cha kifo, na ni kweli, ukoo una haki ya kukaa na kuulizana. Wakae basi faragha, baada ya matanga kuanuliwa, na mezani iwepo pia taarifa ya polisi na ya daktari, siyo ya mpiga ramli peke yake.

Nimepeleka hoja mbili kwenye kamati yetu ya misiba. Moja, mtu akija msibani atoe pole, atoe mkono, abebe viti, ateke maji, ila sababu ya kifo asiitoe mpaka mfiwa amwulize. Mbili, kila kifo cha barabarani kifuatiwe na barua ya mtaa: mahali, saa, hali ya taa, namba ya gari kama inajulikana, nakala polisi na kwa wanaosimamia barabara. Hoja ya pili ilipita bila ubishi, na barua ya kwanza imeshagongwa muhuri. Hoja ya kwanza imeahirishwa mpaka kikao kijacho. Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema, "Mwalimu, ukituzuia kusema, tutakaa msibani tukifanya nini?" Nikamwambia madumu ya maji yapo nyuma ya nyumba, na hayajawahi kujaa yenyewe. Akacheka, akakaa, lakini mkono wa kura hakuunyoosha.